NAMNA YA KUMFIKISHIA SOMO LA SLAIDI ASIYE NA PROGRAMU YAKE



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi wetu wapendwa, mwaka huu tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo. Nalo ni namna ya kumpelekea mtu somo lililoandaliwa kwa slaidi za kompyuta, hali ya kuwa mtu huyo hana programu ya kulifungulia. Tumelichagua kwa sababu madarasa yetu ya juu sasa huandaa kazi zao nyingi kwa njia hii, na kwa sababu limetufika wenyewe. Tutaanza na kisa chake, kisha tueleze sababu, kisha njia za kufuata.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Wanafunzi wetu wa darasa la sita waliandaa slaidi 24 kuhusu Swala ya maiti: nguzo zake, takbira zake nne, na yanayosomwa baada ya kila takbira, kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Kazi hiyo iliwachukua muhula mzima. Ilipokamilika, sisi walimu tuliituma kwa wazazi kwa njia ya simu, tukawaambia wanafunzi kuwa kazi yao imefika.

Mzazi mmoja anafanya kazi Muscat, Oman. Alipolipokea faili, simu yake ilikataa kulifungua. Mwenzake wa kazini akamsaidia kuweka programu ya bure ya kusomea, likafunguka. Maandishi ya Kiswahili aliyaona sawasawa. Lakini mahali palipoandikwa Suratul Fatiha aliona alama zisizoeleweka, hazifanani hata na Kiarabu. Akadhani simu yake ni mbovu, akapita. Kwa kuwa Fatiha anaihifadhi tangu utotoni, haikumdhuru. Akaendelea mpaka kwenye dua ya kumuombea maiti, ambayo hakuwa ameihifadhi, na ndiyo aliyoitaka. Hiyo aliiona kwa Kiarabu kizuri chenye harakati. Akaishika kwa siku kadhaa mpaka ikamkaa.

Siku ya Ijumaa alimpigia simu mwanawe, akamsomea dua ile kwa furaha. Mtoto akamwambia, "Baba, hapo hujamaliza." Baba akamjibu, "Mwanangu, nimemaliza. Nimeisoma kwenye slaidi zenu wenyewe." Wakabishana kidogo, kisha mtoto akaja kwetu na simu mkononi.

Tulipoangalia, tukagundua kuwa mtoto ndiye mwenye haki. Katika simu ya baba, herufi za Kiarabu zilikuwa kubwa kuliko tulivyoziandika sisi. Mistari ilikuwa imeshuka chini, na mstari wa mwisho wa dua ukaingia nyuma ya picha iliyokuwa chini ya slaidi. Haukuonekana kabisa. Yule mzazi alihifadhi kile alichokiona, naye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotuma bila ya kujua kitakachofika.

Tazameni tofauti ya makosa haya mawili. Fatiha iliharibika kwa namna inayoonekana, kwa hiyo msomaji akajihadhari. Dua iliharibika kwa namna isiyoonekana, kwa hiyo msomaji akaiamini. Hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi.

SLAIDI NA PROGRAMU YAKE

Kazi ya slaidi, ambayo wengine huiita wasilisho, ni kurasa zinazoonyeshwa moja baada ya moja kwenye kioo cha kompyuta au ukutani kwa projekta. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni PowerPoint. Ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Marekani iitwayo Forethought, ikiwa kwa ajili ya kompyuta za Macintosh tu. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ikainunua Forethought, na mwaka 1990 likatoka toleo la Windows.

Ni vyema ikafahamika kwamba PowerPoint ni bidhaa ya kuuzwa. Kompyuta inaponunuliwa, si lazima iwe nayo. Watu wengi hawalijui hili, kwa sababu kompyuta waliyoizoea kazini au shuleni tayari imewekewa. Wakienda kwenye kompyuta nyingine wakiwa na flashi yao mkononi, ndipo hugundua kuwa haifungui.

Zamani palikuwa na msaada. Microsoft yenyewe ilikuwa ikitoa bure programu ndogo iitwayo PowerPoint Viewer, ambayo haikuweza kuandika wala kurekebisha, bali kuonyesha tu. Mtu aliweza hata kuiweka pamoja na kazi yake kwenye CD. Lakini programu hiyo iliondolewa mwezi wa Aprili 2018. Hivyo basi, mwenye kufuata maelekezo ya vitabu vya zamani akaitafute kwenye intaneti leo, asije akapakua kitu chenye jina hilo kutoka mahali asipopajua. Huenda akaletewa virusi.

KWA NINI FAILI HALIFUNGUKI, AU HUFUNGUKA VIBAYA

Watu wengi hudhani kuwa faili la slaidi ni kama picha, kwamba alichokiona mwandishi ndicho atakachokiona msomaji. Sivyo. Faili la slaidi lafanana na maelezo ya mapishi. Ndani yake mmeandikwa: hapa weka maneno haya, kwa fonti fulani, kwa ukubwa fulani, na picha hii ikae chini yake. Mpishi ni kompyuta au simu ya yule anayepokea. Akikosa kiungo kimoja, hutia kingine kinachokaribiana nacho, na chakula hubadilika ladha. Sababu kuu ni nne:

(a) Hakuna programu kabisa. Hapo kifaa husema wazi kuwa hakiwezi kufungua, na mtu hujua kuwa kuna tatizo.

(b) Programu ni ya zamani. Mpaka toleo la 2003, mafaili ya PowerPoint yaliishia kwa herufi .ppt. Kuanzia toleo la 2007 yakaanza kuishia kwa .pptx, na muundo wake wa ndani ni mwingine kabisa. Kompyuta kongwe yenye toleo la 2003 haiwezi kusoma .pptx mpaka iongezewe kiunganishi maalumu. Baadhi ya kompyuta hizo bado zipo katika kumbi na ofisi zetu.

(c) Fonti haipo. Fonti ni umbo la herufi, na huhifadhiwa katika kompyuta ya mwandishi. Kwa kawaida haisafiri pamoja na faili. Kifaa cha mpokeaji kisipokuwa nayo huchagua nyingine. Hiyo nyingine ikiwa pana zaidi, mistari huongezeka, maneno hutoka nje ya kisanduku chake au hufunikwa na picha. Hili ndilo lililoipata dua yetu.

(d) Sauti au video imeachwa nyumbani. Katika matoleo ya kabla ya 2010, ukiweka sauti ya kisomo katika slaidi, mara nyingi programu haikuiingiza ndani ya faili, bali iliandika tu mahali ilipo sauti hiyo katika kompyuta yako. Ukilipeleka faili peke yake, unapeleka anwani na kuiacha nyumba.

Hapa tusahihishe dhana moja. Baadhi ya watu hugeuza faili lao liishie kwa .pps au .ppsx, wakidhani kuwa faili la namna hiyo halihitaji programu. Si kweli. Tofauti yake ni moja tu: kwenye kompyuta yenye PowerPoint, faili hilo huanza kuonyesha slaidi moja kwa moja bila kupitia ukurasa wa kuandikia. Asiye na programu ataendelea kuwa hana.

MAANDISHI YA KIARABU YANA HUKUMU YAKE

Kwa Kiswahili, fonti ikibadilika neno hubaki lilelile. Neno "swala" ni "swala" likiandikwa kwa herufi nyembamba au nene. Kwa Kiarabu mambo ni mazito zaidi.

Kwanza, herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kwa kufuata mahali ilipo katika neno: mwanzo, katikati, mwisho, au ikiwa peke yake. Programu dhaifu isiyojua kanuni hiyo huziachanisha herufi, kila moja ikasimama kivyake. Nyingine huzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, neno likawa kinyumenyume.

Pili, harakati ni alama ndogo zinazokaa juu au chini ya herufi. Fonti isiyoziweka vyema huzisogeza au kuzirundika, na mwanafunzi mchanga hajui fatha ni ya herufi ipi. Nanyi mnajua kuwa fatha ikikaa mahali pa dhamma, maana huweza kugeuka.

Tatu, zipo fonti za Msahafu zilizotengenezwa ukurasa kwa ukurasa, kwa kufuata Msahafu wa Madina unaochapishwa na Mujammaa wa Mfalme Fahd, wenye kurasa 604. Kila ukurasa una fonti yake. Katika fonti hizo alama moja ya kompyuta haisimami kwa herufi moja, bali kwa neno zima kama lilivyoandikwa na mwandishi wa khati. Kwa uzuri na usahihi wa maandishi hazina mfano. Lakini kifaa kisichokuwa nazo hakioni neno lolote la Kiarabu pale. Huona alama tu zisizohusiana na aya. Hiki ndicho kilichotokea kwenye Fatiha yetu.

Hivyo basi, mwenye kuandika aya au dua katika slaidi amebeba amana kubwa kuliko anayeandika majina ya wachezaji wa mpira. Haimtoshi kuona kuwa kwake yeye iko sawa. Inambidi ahakikishe kuwa itafika ikiwa sawa.

NJIA ZA KUMFIKISHIA MWENZAKO

Njia ya kwanza: kugeuza kuwa PDF

Hii ndiyo njia tunayoitanguliza kuliko zote. PDF ni aina ya faili iliyobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa lengo hasa la kuufanya ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kifaa. Mwaka 2008 ikawa kipimo cha kimataifa. Kwa mfano wetu wa mapishi, PDF ni chakula kilichokwisha iva. Mpokeaji hapiki tena. Maumbo ya herufi husafiri ndani ya faili lenyewe. Simu nyingi za kisasa husoma PDF bila shida, na kwenye kompyuta hata programu za kutembelea intaneti kama Chrome na Firefox huifungua zenyewe.

Namna ya kuifanya ni nyepesi. Katika PowerPoint ya 2010 na zilizofuata, fungua kazi yako, bonyeza File, kisha Save As, halafu kwenye aina ya faili chagua PDF. Ukihifadhi, utakuwa na mafaili mawili: la kwanza la kazi yako, ambalo unabaki nalo kwa ajili ya marekebisho, na la pili la kutuma.

PDF ina upungufu wake. Haionyeshi vitu vinavyoingia kwa mwendo, na kwa kawaida haichukui sauti wala video. Kama slaidi yako ina maneno matatu yanayopishana mahali pamoja, moja likitoka na jingine likiingia, katika PDF yote yatakaa pamoja yakilaliana. Dawa yake ni kuigawa slaidi hiyo ziwe tatu kabla ya kugeuza.

Njia ya pili: kugeuza kuwa picha

Palepale kwenye aina ya faili unaweza kuchagua JPEG au PNG. Programu itauliza kama unataka slaidi moja au zote. Ukisema zote, itakutengenezea folda yenye picha moja kwa kila slaidi. Kwa maandishi, PNG hubaki kali zaidi. Njia hii inafaa sana kwa televisheni, kwani nyingi zenye tundu la flashi huonyesha picha za JPEG. Msikiti au nyumba isiyo na projekta inaweza kusomesha kwa televisheni yake.

Lakini angalia jambo moja. Ukizituma picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ubora ili ziwe nyepesi, na harakati ndogo hufifia. Zitume kama dokumenti. Tangu mwaka 2022 dokumenti moja huweza kufika hata GB 2, japokuwa hatumshauri mtu kumtumia mwenzake mzigo kama huo.

Njia ya tatu: kugeuza kuwa video

Kama somo lako linahitaji sauti, kwa mfano kisomo cha aya au maelezo ya mwalimu, video ndiyo njia yake. PowerPoint ya 2010 ndiyo ya kwanza kuwa na uwezo wa kuhifadhi slaidi kama video, na kuanzia ya 2013 huweza kuhifadhi kwa aina ya MP4, ambayo karibu kila simu huicheza. Unarekodi sauti yako slaidi kwa slaidi, kisha unabonyeza File, halafu Export, na kuchagua video. Video ni nzito kuliko PDF na humla mpokeaji bando lake. Pia msomaji hawezi kusimama kwenye slaidi moja bila kuisimamisha video yenyewe. Kwa hivyo acha kila slaidi ya dua ikae muda wa kutosha.

Njia ya nne: programu za bure zilizo halali

Ikiwa mwenzako anahitaji kurekebisha kazi, si kuisoma tu, PDF haitamtosha. Atahitaji faili lenyewe. Hapo mwelekeze kwenye LibreOffice, programu ya bure iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010. Sehemu yake ya slaidi inaitwa Impress. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inafungua .ppt na .pptx, na ina kitufe chake cha kutengeneza PDF. Kwa mwenye simu na intaneti ipo pia Google Slides, isiyolipiwa. Hata PowerPoint yenyewe inapatikana bure kwa kuitumia ndani ya intaneti, kwa mwenye kujiandikisha.

Kumbuka tu kuwa programu hizi ni wapishi wengine. Zikikosa fonti yako, yatatokea yaleyale. Ikiwa unatumia PowerPoint kwenye Windows, ingia File, kisha Options, kisha Save, na uweke alama kwenye maneno yanayoagiza fonti ziingizwe ndani ya faili. Baadhi ya fonti hazikubali, kwa sababu waliozitengeneza hawakuruhusu. Nazo programu nyingine huzipuuza hata zikiwemo. Kwa aya na dua, bado tunasema: tuma na PDF pembeni.

Njia ya tano: karatasi

Tusimsahau bibi mwenye simu ya kitochi, wala mzee asiye na simu kabisa. PowerPoint huweza kuchapisha slaidi mbili, tatu, nne, sita au tisa katika karatasi moja. Kwa maandishi ya Kiarabu usizidishe mbili, ili macho ya wazee yapate kuona. Baada ya kisa chetu tulichapisha nakala za Swala ya maiti, zikapelekwa majumbani na watoto wenyewe. Wazee kadhaa walitutumia salamu kuwa wamezibandika ukutani.

PROGRAMU ZA WIZI

Wapo watakaosema, "Maalim, kwa nini mnajisumbua? Kuna kijana pale mjini anaweka PowerPoint kwa bei ya soda." Ndugu zetu, programu ni jasho la watu. Kuivunja kufuli yake na kuitumia bila ridhaa ya mwenyewe si jambo la kulisomea dini. Ukiacha hukumu yake, lipo na dhara la dunia: programu zilizovunjwa kufuli ni njia mashuhuri ya kuingizia virusi, na kazi ya muhula mzima huweza kupotea kwa siku moja. Maadamu zipo zilizo za bure na halali, hatuna udhuru.

ADABU ZA MWENYE KUTUMA

Kwanza, uliza kabla ya kutuma. Mwenzako ana simu au kompyuta? Ana bando la kutosha? Swali moja huokoa usumbufu wa wiki nzima.

Pili, punguza uzito. Picha moja ya simu huweza kufika MB 4. Slaidi 24 zenye picha kama hizo zinakaribia MB 100, na anayezilipia ni mpokeaji. Katika PowerPoint bonyeza picha, nenda kwenye Compress Pictures, chagua 150 ppi. Inatosha kwa kusomea kwenye kioo. Lakini kama aya umeiweka kwa sura ya picha, hiyo usiiguse.

Tatu, angalia ulichokificha. Faili la slaidi hubeba pamoja nalo slaidi ulizozificha, maelezo ya mwalimu yaliyo chini ya slaidi, na mara nyingi jina la mwandishi. Mwalimu aliyeandika hapo chini alama za wanafunzi, akalituma faili lenyewe, ametangaza siri za watoto wa watu. Hii ni sababu nyingine ya kutuma PDF ya slaidi peke yake.

Nne, jaribu kwanza kwenye kifaa kisichokuwa chako. Fungua kwenye simu ya ndugu yako au jirani, slaidi moja moja mpaka ya mwisho. Kile kinachofunguka kwako si ushahidi.

Tano, kwa aya na dua, akae mtu na Msahafu au kitabu mkononi, na mwingine na simu, walinganishe neno kwa neno. Hapa kwetu kazi hii sasa tumewapa wanafunzi wa hifdhi, wawili wawili, na hakuna faili linalotoka mpaka wawe wamelipitia.

Sita, mwambie mpokeaji idadi ya slaidi, na umuombe akujulishe alichokiona. Usimuulize, "Imefika?" Atakujibu ndiyo. Muulize, "Slaidi ya 14 inaishia na neno gani?"

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, mzazi wetu wa Muscat tulimtumia PDF siku ileile ya Ijumaa. Usiku akapiga simu, akaisoma dua yote mpaka mwisho, na mwanawe akimsikiliza. Miezi michache baadaye alifiwa na rafiki yake kulekule ughaibuni, akasimama katika safu ya kumswalia. Alitueleza kuwa alipofika takbira ya tatu alikuwa na la kusema, na kwamba alimkumbuka mtoto wake. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tukajiuliza: lau mtoto yule asingemsikiliza babake kwa makini, ingekuwaje?

Kutuma si kufikisha. Mwenye elimu ndiye mwenye jukumu la kuitafutia njia mpaka imfikie mwenzake ikiwa kamili. Tusimbebeshe mpokeaji lawama ya kutokuwa na programu, wala mzazi asione haya kusema, "Mwanangu, kwangu haikufunguka." Aseme, nasi tutamtafutia njia nyingine, inshaallah.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa tuliyojifunza, na atuwezeshe kuyafikisha kama yalivyo. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu nne zinazofanya faili la slaidi lisifunguke au lifunguke vibaya.
2. Kwa nini fonti ikikosekana madhara yake ni makubwa zaidi kwa Kiarabu kuliko kwa Kiswahili?
3. Kaka yako anataka kurekebisha slaidi zako, na bibi yako anataka kuzisoma tu. Utamtumia nini kila mmoja, na kwa nini?
4. Chukua kazi yako moja ya slaidi, igeuze kuwa PDF, kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani. Andika tofauti ulizoziona na umletee mwalimu wako.